Mwongozo kamili wa kukarabati skii ya majini nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na kwa nyumba wako sawa. Kwa skii ya majini, ule ubao wa kutelezea juu ya maji ukivutwa na boti, methali hiyo ina hatari yake. Ufa ulioachwa wazi kivulini wiki tatu hauongezi madhara yoyote, mradi skii haiingii majini. Ufa uliopigwa gundi jioni ileile, maji yakiwa bado ndani, ndio unaoirudisha skii mezani mwezi ujao ikiwa na uvimbe pale palipokuwa na mkwaruzo. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kukagua na kukausha, halafu ndipo uingie kwenye epoksi, yaani gundi ya resini inayochanganywa na kigumishi, na msasa. Kazi ya gundi yenyewe si ngumu kama watu wanavyodhani.

Kilichomo ndani ya skii

Ralph Samuelson alipoteleza juu ya Ziwa Pepin, Minnesota, mwaka 1922, alivaa mbao mbili ambazo ncha zake alizilainisha kwa maji ya moto ndipo akazipinda. Mbao kama zile ukizigonga kwenye jiwe zinabonyea tu. Skii ya leo ni kitu kingine. Katikati kuna kiini cha povu gumu, mara nyingi la poliyurethani au PVC. Kiini hicho kimefunikwa juu na chini kwa gamba la nyuzi za kioo au kaboni zilizoloweshwa epoksi. Gamba hilo ni jembamba, kwa kawaida milimita moja au mbili hivi. Skii inapopinda, gamba la tumboni (upande wa chini) na la mgongoni (upande wa juu) hupokea mvutano na mgandamizo, na kiini kinafanya kazi moja kubwa: kuyaweka magamba hayo mbalimbali na kuyazuia yasiteleze.

Ndiyo maana gamba lililopasuka au kuachana na kiini si suala la sura. Skii imepoteza sehemu ya nguvu yake hata kama inaonekana imenyooka.

Zipo pia skii za plastiki laini zinazouzwa kwa watoto na wanaoanza. Plastiki ya aina ya poliyethilini haishiki epoksi, kwa hiyo usipoteze resini yako juu yake. Ikiwa imepasuka, tafuta nyingine.

Ukaguzi

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, pima pezi, kile kibamba kilichosimama chini ya mkia. Tumia kalipa, kipimo chenye taya mbili, uandike urefu wake, kina chake kutoka tumboni mwa skii, na umbali wa ukingo wake wa nyuma hadi mwisho wa mkia. Mtelezaji wa slalomu, anayezunguka maboya kwa skii moja, anahisi tofauti ndogo kuliko milimita moja kwenye pezi, na vipimo vikipotea utahangaika msimu mzima ukidhani umeharibu skii kwa kuitengeneza. Piga picha pia ya viatu vikionyesha vimefungwa kwenye matundu yapi. Sasa vua pezi, vua viatu, uoshe skii yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni kidogo.

Chukua sarafu uigonge polepole kuanzia puani hadi mkiani, mgongoni na tumboni, kila baada ya sentimita mbili. Gamba lililoshika linatoa mlio mkali na mfupi. Likiwa limeachana na kiini, mlio unazama na kuwa mzito. Zungushia kalamu eneo lote lenye mlio mzito, maana karibu kila mara ni kubwa kuliko ufa unaouona kwa macho. Bonyeza kwa dole gumba: gamba likizama na kurudi, hapo chini kuna nafasi tupu au povu lililosagika. Kisha funga jicho moja uitazame skii kwa urefu, kutoka mkiani kuelekea puani, uone kama imejipinda upande.

Mwisho, ipime kwenye mizani ya jikoni na uandike gramu pamoja na tarehe ya leo. Utaihitaji namba hiyo.

Inayotengenezeka na isiyotengenezeka

Ukingo uliomeguka kwa kugonga gati au mawe, tundu dogo, mkwaruzo uliofika kwenye nyuzi, mkia uliofunguka, eneo lililoachana lisilozidi kiganja cha mkono, nati ya kiatu inayozunguka bure: hizo zote ni kazi za nyumbani.

Ufa unaokatiza skii kwa upana, chini ya miguu au mbele kidogo ya kiatu cha mbele, ni habari nyingine. Hapo ndipo skii inapopinda zaidi, na kiraka cha nyumbani hakirudishi nyuzi ndefu zilizokatika. Vivyo hivyo gamba lililojikunja na kuacha mstari kama karatasi iliyowahi kukunjwa, au povu lililosagika na kuwa unga chini ya mguu. Katika mashindano ya slalomu boti ya wanaume hufika kilomita 58 kwa saa na ya wanawake 55, na mtelezaji anapokata mawimbi huenda kasi kuliko boti yenyewe. Skii ikivunjika mguuni kwa mwendo huo, vipande vyenye ncha viko sentimita chache kutoka kwenye kifundo. Hata kwa matembezi ya polepole sipendekezi kuihatarisha. Itundike ukutani.

Kukausha

Povu la kiini lina vyumba vilivyofungwa, kwa hiyo halinyonyi maji haraka. Maji hupenya kati ya povu na gamba, na hupitia matundu ya skrubu kufika mbali na pale yalipoingilia. Yakibaki, mambo mawili hutokea: epoksi haishiki uso wenye unyevu, na siku ya jua kali unyevu ule hutanuka ukasukuma gamba kutoka ndani.

Kama skii ilitumika baharini, anza kwa kusukuma maji yasiyo na chumvi ndani ya ufa kwa bomba la sindano, mara kadhaa. Inashangaza kuongeza maji mahali unapotaka kukausha, lakini chumvi iliyobaki huendelea kuvuta unyevu hewani na eneo halitakauka kamwe.

Kisha ondoa kila kitu kilicholegea. Kata kwa kisu kikali nyuzi zilizochomoza na vipande vya povu lililooza, hadi ufike kwenye povu safi na gamba lililoshika. Ikiwa eneo lililoachana halina mdomo wa kutosha, toboa matundu mawili ya milimita 3 kwenye pembe zake zinazokabiliana. Yatatumika tena wakati wa gundi. Hapa mashine ya kufyonza vumbi inasaidia kuliko joto. Ifunge kwa mkanda juu ya tundu moja na uiwashe dakika chache, hewa kavu iingie kwa tundu la pili. Angalia kwanza kwamba maji ya wazi yameshachuruzika, kwa sababu mashine nyingi za nyumbani haziruhusiwi kunyonya maji.

Simamisha skii kwenye chumba kikavu, upande ulioharibika ukiwa chini, feni ikiipepea. Joto la nyuzi 30 hadi 40 linatosha. Usiiweke juani, wala usiielekezee bunduki ya hewa moto. Baada ya siku tatu ipime tena, na uendelee kuipima kila baada ya siku mbili au tatu. Uzito ukiacha kushuka katika vipimo vitatu mfululizo, imekauka. Kwa ufa mdogo itachukua siku chache. Skii iliyokaa na tundu msimu mzima inaweza kuchukua wiki kadhaa. Hakuna njia ya mkato hapa.

Vifaa na epoksi

Tumia epoksi ya kulowesha nyuzi, yenye kigumishi cha polepole. Resini ya poliesta, ile yenye harufu kali inayotumika sana kwenye maboti ya faibaglasi, ni rahisi zaidi lakini haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka, na skii yako imejengwa kwa epoksi. Ukikutana na kiini cha polistairini, poliesta itakiyeyusha kabisa. Gundi ndogo za mirija miwili zinazokauka kwa dakika tano zinafaa kubandika kikombe, majini hulegea.

Zaidi ya hapo utahitaji kitambaa cha nyuzi za kioo cha gramu 200 kwa mita mraba, unga wa silika wa kufanya epoksi iwe nzito, nyuzi za kioo zilizokatwakatwa, msasa namba 80, 120, 220, 400 na 600, kibao bapa cha kushikia msasa, klampu, karatasi ya plastiki, mkanda wa karatasi, spiriti, mizani inayosoma gramu moja moja, glavu za nitrili, miwani na barakoa ya vumbi laini. Usipuuze glavu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na mzio huo ukishaingia hautoki: baadaye hata harufu ya kopo lililofunguliwa inaweza kukuwasha. Vumbi la kioo na kaboni nalo si la kuvutwa. Piga msasa ukiwa nje, au uloweshe msasa maji.

Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ukiangalia kama ni kwa uzito au kwa ujazo, kwa sababu namba hizo mbili hutofautiana. Kigumishi kingi hakiharakishi kitu. Kinaacha epoksi laini isiyokauka milele. Koroga dakika mbili kamili, ukikwangua kuta na chini ya kikombe. Changanya kidogo kidogo, gramu 30 hadi 50. Epoksi hutoa joto inapogeuka kuwa ngumu, na kikombe kilichojaa kinaweza kuchemka, kufuka moshi na kuyeyuka mkononi. Chumba kiwe na joto la nyuzi 20 hadi 25. Chini ya 15 epoksi nyingi husinzia tu.

Ukingo uliomeguka

Hili ndilo jeraha la kawaida kuliko yote, na ndilo linalotengenezwa vibaya kuliko yote, kwa sababu watu hutazama rangi wakasahau umbo. Ukingo wa chini wa skii una mshazari wenye pembe yake maalumu. Sehemu yake iliyo kali huachilia maji, na iliyoviringana huyavuta yapande ubavuni. Ukiacha nundu ya nusu milimita upande mmoja, skii itageuka vizuri kulia na kugoma kushoto.

Bahati nzuri skii nyingi zina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo kielelezo unacho. Bandika mkanda wa karatasi kwenye ukingo mzima wa upande wa pili, mahali palepale kwa kupima kutoka mkiani. Upake nta, kisha ukandamize juu yake puti ya epoksi iliyozito ili uchukue umbo lake. Ikikauka, ikate katikati upate kipande chenye umbo la ukingo kwa upana. Kipande hicho ndicho utakachokisogeza juu ya jeraha wakati wa kupiga msasa, ukitazama mwanga unapopenya.

Sasa jeraha lenyewe. Kwangua hadi kwenye gamba lililoshika, kwaruza kwa msasa namba 80 sentimita mbili kuzunguka, futa vumbi, pangusa kwa spiriti, uache ikauke. Paka kwanza epoksi nyepesi isiyo na unga ili izame kwenye nyuzi na povu. Wakati bado inanata, changanya nyingine na silika hadi isimame yenyewe bila kuporomoka, ongeza nyuzi zilizokatwakatwa, ujaze. Ukingo unapogongwa, silika peke yake ni ngumu lakini inavunjika vipande, na nyuzi ndizo zinazoushikilia. Usitumie unga mwepesi wa vipovu vya kioo mahali hapa. Unapiga msasa kwa raha, lakini pigo la kwanza la changarawe litaung'oa.

Weka plastiki juu, kisha kibao kilichonyooka upande wa tumbo na kingine ubavuni, ubane taratibu kwa klampu. Vibao hivyo viwili vitakupa karibu umbo lote bure. Jaza kidogo kupita kiasi. Kesho yake ondoa, osha uso kwa maji na sifongo gumu, maana epoksi ikikauka huacha utando kama nta ambao spiriti na msasa huueneza tu badala ya kuuondoa. Kisha piga msasa ukitumia kibao, kamwe si kidole. Kidole huzunguka pale ukingo unapotakiwa kukata.

Tundu au ufa kwenye gamba

Kiraka kinashika kwa upana, si kwa unene. Kwa gamba la milimita moja, punguza kingo za jeraha kwa mteremko wa angalau milimita 12 pande zote; kwa milimita mbili, 24. Utaona tabaka za nyuzi zikijitokeza kama duara ndani ya duara. Povu likiwa limeliwa, lijaze kwanza kwa epoksi nzito ilingane na kina cha chini cha mteremko, uache ishike.

Tabaka moja la kitambaa cha gramu 200 lina unene wa robo milimita hivi, kwa hiyo milimita moja inataka tabaka nne au tano. Kata vipande vya ukubwa tofauti, pembe zote ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali huinuka. Kuhusu epoksi, kadiria uzito sawa na wa kitambaa. Kiraka cha sentimita 10 kwa 15 kina gramu 3 kwa tabaka, tabaka nne ni gramu 12. Changanya gramu 30 na utakuwa na za kutosha pamoja na zitakazobaki kwenye brashi.

Paka epoksi, laza kipande cha kwanza, kilowee hadi kiwe kama kioo, kisha kinachofuata. Funika kwa plastiki, kamua hewa na epoksi ya ziada kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda nje, na uweke kibao chenye sifongo na uzito juu. Tumboni, pale kwenye mfereji wa katikati, kibao bapa hakifai. Tumia mfuko wa mchanga, ambao hufuata umbo.

Ikiwa gamba ni la kaboni unaweza kutumia kaboni. Kwa kiraka kidogo nyuzi za kioo zinatosha, na zina faida moja: unaona mapovu ya hewa yaliyojificha chini.

Gamba lililoachana na mkia uliofunguka

Yale matundu mawili ya milimita 3 sasa yana kazi. Ingiza epoksi nyepesi kwa bomba la sindano kupitia tundu la chini hadi itoke kwa la juu bila mapovu. Skii iwe imeinama ili hewa ipande. Laza, weka plastiki na kibao, bana. Klampu zisikazwe kupita kiasi: ukikamua kwa nguvu epoksi yote inatoka na unabaki na kiungo kikavu. Kibao kikilala sawasawa na epoksi ikachungulia kwenye matundu, inatosha.

Mkia uliofunguka ni rahisi zaidi. Ufungue kidogo kwa kabari nyembamba ya mbao, pitisha msasa uliokunjwa ndani, puliza vumbi, sukuma epoksi kwa kadi nyembamba, bana. Kisha zungushia mkia mzima tabaka moja jembamba la nyuzi, lisifike mahali pezi linapokaa.

Nati ya kiatu inayozunguka

Nati za viatu ni za chuma, zimezamishwa kwenye skii wakati wa kuijenga. Mara nyingi kinachoing'oa ni skrubu ndefu mno: inagota chini, na kila ukikaza unaivuta nati juu au kulisukuma gamba la tumboni. Kwa hiyo kabla ya yote linganisha urefu wa skrubu na kina cha tundu pamoja na unene wa bamba la kiatu.

Ng'oa nati. Panua tundu ndani ya povu, si kwenye gamba, ili epoksi ipate kichwa cha kushikilia. Weka mkanda kwenye keekee kuonyesha kina, usije ukatokea tumboni. Kausha, kwaruza nati kwa msasa. Paka skrubu nta ya mshumaa, ifunge kwenye nati, na ziba chini ya nati kwa kipande cha mkanda. Jaza tundu epoksi nzito yenye nyuzi, zamisha nati, kisha funga bamba la kiatu lililopakwa nta juu yake kwa kutumia nati nyingine nzima, ili hii ikae mahali pake sawasawa. Epoksi ikianza kuwa kama jeli, zungusha skrubu robo duru na kuirudisha, isije ikaganda.

Mpira wa kiatu uliochanika kisiginoni usiushone wala kuubandika. Kiatu kinatakiwa kuachia mguu kwa namna moja inayotabirika, nunua kingine.

Pezi

Pezi la alumini lililopinda kidogo linaweza kunyooshwa kwenye jiriwa kati ya vibao viwili vya mbao, mara moja. Likionyesha ufa, au likishapindwa na kunyooshwa tayari, libadilishe.

Kumalizia

Msasa 120, 220, kisha 400 na 600 kwa maji, ukifuata urefu wa skii. Tumbo halihitaji kung'aa. Linahitaji kuwa bila ngazi. Vuta kucha juu ya kiraka ukiwa umefumba macho, maana kucha inahisi usichoona. Paka rangi au vanishi inayokinga jua, kwa sababu mwanga wa jua huila epoksi tupu ikawa ya manjano na kuanza kuchanika.

Epoksi inaweza kupigwa msasa baada ya saa 24, lakini nguvu yake kamili hufika baada ya siku saba hivi kwenye joto la kawaida. Zingoje zote. Rudisha pezi kwa vipimo ulivyoandika, gonga tena kwa sarafu, na upime uzito mpya.

Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole. Ukitoka, ifute, isimamishe mkia chini kwa saa chache, kisha uirudishe mizani. Gramu zikiwa zilezile, endelea kuongeza mwendo. Zikipanda, kuna mlango haujafungwa: vua viatu, rudi kwenye sarafu. Na usiiache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu epoksi iliyokaukia kwenye joto la chumba huanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60, na gari hufika huko bila shida.